Shajara ya mradi: kutoka paa la makaa ya mawe hadi mashimo ya dhahabu Busia

3 Februari

Leo tumeanza rasmi. Mradi wenyewe ni mdogo: kikundi kimoja cha wachimbaji wadogo wa dhahabu katika wilaya ya Busia, mashimo matatu, njia za chini zenye jumla ya mita zipatazo 140, na lengo moja tu, kwamba kabla mvua za masika hazijakolea asiwepo mtu anayefanya kazi chini ya mwamba usioegemezwa. Nimeamua kuiandika shajara hii kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha inayotukutanisha hapa mpakani. Katika shimo moja utamkuta Msamia, Mteso, Mganda na kijana aliyevuka kutoka upande wa Kenya, na amri inayotolewa chini ya ardhi haiwezi kungoja mkalimani.

Nimeshaulizwa kwa nini mafunzo ya shimo la dhahabu yachukuliwe kutoka migodi ya makaa ya mawe, ilhali Uganda haichimbi makaa ya mawe, na mgodi wetu wa chini ya ardhi uliojulikana zaidi ulikuwa wa shaba kule Kilembe, Kasese, uliofunguliwa mwaka 1956 na kunyamaza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mimi mwenyewe kazi ya paa, yaani kuushikilia mwamba ulio juu ya vichwa vya wachimbaji usiwaangukie, nilijifunza katika machimbo ya makaa kusini mwa Tanzania, lakini hiyo si sababu ya kutosha. Sababu ni kwamba hakuna wachimbaji walioandamwa na paa kama wale wa makaa ya mawe. Makaa hulala katika tabaka pana na bapa, kwa hiyo anayeyafuata huacha juu yake eneo kubwa la mwamba lisilo na cha kulishikilia, na mwamba huo mara nyingi ni jiwe laini lenye tabaka nyembamba kama kurasa, linalolegea likipata unyevu. Milipuko ya gesi ndiyo iliyojaza magazeti, kwa kuwa iliua mamia kwa siku moja; paa liliua mmoja hapa na wawili pale, mwaka baada ya mwaka, na katika nchi kama Marekani na Uingereza hesabu yake ilipojumlishwa iliipita ile ya milipuko. Watu waliozika wenzao kwa namna hiyo kwa zaidi ya karne moja wana mengi ya kutufundisha, hata kama jiwe letu si jiwe lao.

7 Februari

Siku tatu zimekwenda katika maneno, nami sioni kwamba zimepotea. Neno "paa" liliwatatiza baadhi ya wenzetu, kwa kuwa paa la nyumba hujengwa juu ya kuta na mtu aliyelijenga anajua ameweka nini, lakini hili la shimo hakuna aliyelijenga. Tumelishika hivyo hivyo, maana hata wakubwa wa kazi hii wanalisema, ila mafunzo yote yanaanza kwa sentensi hiyo: paa hili hatukulijenga sisi, kwa hiyo hatujui ndani yake kuna nini.

Ugumu mkubwa zaidi ulikuwa katika neno "nguzo". Kuna nguzo ya mti, ile ambayo wenzetu wa Geita huiita timba na wakisema kufunga matimba kila mtu ameelewa. Na kuna sehemu ya mwamba inayoachwa bila kuchimbwa ili ibebe uzito wa juu. Ukimwambia mtu "usiguse nguzo", anakusikiliza kwa upande anaoutaka yeye. Mama mmoja mwenye shimo, ambaye wote humwita Mama Mkubwa, ndiye aliyetuokoa. Alisema shimo husimama kwa miguu yake, na mguu haukatwi. Kuanzia leo nguzo ni mti, na mguu ni mwamba ulioachwa.

Kanuni kuu ya mradi imepata maneno manne: nguzo kwanza, mtu baadaye.

12 Februari

Somo la kwanza limefanyika juu ya ardhi, chini ya mwembe. Nilichukua mbao nne, kila moja ikiwa na urefu wa mita 2, upana wa sentimita 10 na unene wa sentimita 1, nikazipanga moja juu ya nyingine na kuziegemeza kwenye matofali pande mbili tu, kisha nikaning'iniza katikati jerikeni lenye lita 5 za maji. Zilipinda milimita 22. Nikaomba kijana mmoja azitoboe mbao zile zile mahali patano, apitishe bolti na kukaza nati kwa nguvu zote, nasi tukarudisha jerikeni. Mara hii zilipinda milimita 7. Mbao ni zile zile, maji ni yale yale, na watu waliokuwa wamekaa walisimama ili waangalie kwa karibu.

Hivyo ndivyo zinavyofanya kazi bolti za paa, zilizoenea katika migodi ya makaa ya Marekani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940. Fimbo ya chuma huingizwa katika tundu lililotobolewa juu, hushikwa ndani kwa kichwa kinachotanuka au, katika miongo iliyofuata, kwa gundi ya resini, kisha bamba na nati huzibana tabaka nyembamba zisiteleze moja juu ya nyingine, mpaka zifanye kazi kama boriti moja nene. Kwa hesabu kamili, tabaka nne zilizoungana kabisa zingepinda mara 16 pungufu ya tabaka nne zilizoachana. Bolti hazifiki huko, kama tulivyoona, lakini zinatosha kubadili hatima ya paa. Mahali ambapo jiwe laini limekaa chini ya jiwe gumu, kazi yao huwa nyingine: hulitundika lile laini kwenye lile gumu, kama mtu anavyotundika koti ukutani.

Niliwaeleza waziwazi kwamba sisi hatutatumia bolti. Sehemu kubwa ya njia zetu inapita katika mwamba uliooza na kuwa karibu na udongo, ambamo kichwa cha bolti hakitapata pa kung'ang'ania, na bolti isiyoshika ni mbaya kuliko kukosa bolti, kwa sababu humpa mtu imani asiyostahili kuwa nayo. Tulichokichukua kwenye mbao zile ni jambo lingine. Niliyasogeza matofali yakaribiane, nusu ya umbali wa awali, na kwa jerikeni lile lile mbao hazikupinda kitu cha kuonekana kwa jicho. Paa bapa likiongezwa upana mara mbili, kupinda kwake kwa uzito wake lenyewe huongezeka mara 16. Hakuna gogo la bei rahisi kuliko njia nyembamba. Tumekubaliana kwamba njia zetu zisizidi mita 1.5 kwa upana.

14 Februari

Magogo yamefika, na robo yake ni membamba kuliko tulivyolipia. Nimeyatenga kwa ajili ya ngazi na uzio. Nguzo ya mti ikipunguzwa unene kwa nusu, uwezo wake wa kustahimili kujikunja haupungui kwa nusu bali hubaki sehemu moja ya 16. Kwa hiyo hili si suala la kusameheana na muuzaji.

20 Februari

Tumeshuka kufundisha kanuni yenyewe. Katika migodi ya makaa ya mawe ya Marekani, kanuni zilizofuata sheria ya mwaka 1969, iliyopitishwa baada ya mlipuko wa mgodi wa Farmington wa mwaka 1968 uliochukua watu 78, zinakataza mtu yeyote kufanya kazi au hata kupita chini ya paa lisiloegemezwa. Hakuna "nachukua koleo tu", hakuna "dakika moja". Katazo hilo limeandikwa kwa ukali kwa sababu wengi waliokufa hawakuwa wakichimba. Walikuwa wamevuka mstari wa mwisho wa nguzo au bolti kwa sababu ndogo, wakiwa na nia ya kurudi mara moja.

Ugumu ni kwamba lazima mtu aende mbele aisimike hiyo nguzo inayofuata. Tulilifanyia mazoezi hili mara nyingi kuliko jambo lolote. Wawili husimama chini ya paa lililoegemezwa. Mmoja hugonga paa la mbele kwa mtarimbo mrefu na kuangusha kila kilicholegea. Kisha nguzo ya muda husukumwa mbele ikiwa wima, hukazwa kwa kabari, na ndipo hatua moja huchukuliwa. Nguzo ya kudumu na kofia yake, ule ubao mnene unaokaa kati ya kichwa cha nguzo na paa, huwekwa chini ya ulinzi wa ile ya muda, na ya muda haiondolewi mpaka ya kudumu imebana. Katika migodi mikubwa kazi hiyo sasa hufanywa na mikono ya chuma iliyofungwa kwenye mashine ya kutoboa, ambayo husukuma paa kabla mtu hajasogea. Sisi tuna mikaratusi na mikono yetu, lakini mfuatano ni ule ule.

Kijana mmoja aliniambia, "Mwalimu, hivi tutachimba lini?" Nilimjibu kwamba tumepima: kila hatua ya mita moja inaongeza dakika 40. Hakuridhika, na sikumlaumu, kwa kuwa hapa mtu hulipwa kwa magunia anayoyatoa wala halipwi kwa nguzo anazosimika. Nimezungumza na wenye mashimo, na wamekubali kwamba kila jozi ya nguzo iliyosimikwa na kukaguliwa ihesabiwe kama gunia moja. Naona hatua hiyo ina uzito kuliko masomo yangu yote ya wiki hii.

27 Februari

Leo tumezungumzia miguu, na sikutaka kulizungumzia kwa upole. Katika shimo la pili miguu miwili imelika kiunoni, kwa sababu mshipa wa dhahabu unapita ndani yake na kila anayepita humega kidogo.

Niliwasimulia Coalbrook, mgodi wa makaa ya mawe nchini Afrika Kusini. Jioni ya tarehe 21 Januari 1960, miguu ipatayo 900 iliporomoka karibu mita 180 chini ya ardhi, na watu zaidi ya 430 hawakutoka. Wiki chache kabla ya hapo sehemu ya mgodi ule ilikuwa imeshaporomoka, na kazi iliendelea kwingineko. Mguu mmoja ukishindwa, mzigo wake haupotei. Huhamia kwa jirani zake, nao wakiwa wamekondeshwa vile vile huanguka, kisha jirani wa jirani. Baada ya msiba huo, watafiti Salamon na Munro walichunguza mifano 125 ya machimbo ya makaa, 98 yaliyosimama na 27 yaliyoporomoka, na mwaka 1967 walitoa kanuni ya nguvu za mguu: hupanda kadiri mguu unavyopanuka, kwa kipeo cha 0.46, na hushuka kadiri unavyorefuka, kwa kipeo cha 0.66.

Namba ya msingi ya kanuni ile ni ya makaa ya Afrika Kusini, wala siwezi kuileta Busia nikadai inapima mwamba wetu. Lakini njia ya kufikiri inahamishika, na tuliifanyia hesabu ubaoni. Chukua mguu wa mita 6 kwa 6, na kati ya mguu na mguu mita 6. Kila mguu unabeba mzigo wa eneo la mita 12 kwa 12, yaani mara nne ya eneo lake. Sasa mmege mita moja kila upande. Mguu umebaki mita 4 kwa 4, eneo linalobebwa ni lile lile, kwa hiyo kila sehemu ya mguu sasa inabeba mara tisa. Na nguvu yenyewe imeshuka hadi asilimia 83 ya awali. Ukiziunganisha hesabu hizo mbili, usalama uliobaki ni asilimia 37 ya ule uliokuwepo. Mtu anayeutazama mguu wa mita 4 bado anauona mnene, na hapo ndipo macho yanapomdanganya.

Mzee mmoja aliyekuwa kimya tangu asubuhi aliuliza kama mguu uliomegwa unaweza kurudishiwa. Nilimwambia kwamba hauwezi kuwa kama awali, ila unaweza kusaidiwa kwa kupanga magogo mraba kwa mraba, moja juu ya jingine kwa kupishana, kama wafanyavyo wachimba makaa wanapotaka kubeba uzito mkubwa mahali pamoja, na kiini chake kujazwa mawe. Tutaanza kazi hiyo wiki ijayo katika shimo la pili. Njia ya kushoto kati ya miguu hiyo miwili imefungwa kuanzia leo.

6 Machi

Kosa la leo ni langu, na naliandika kwa kirefu ili lisirudiwe.

Nguzo tulizosimika tarehe 20 Februari nilizikagua asubuhi. Nilipoigonga ya tatu kwa nyundo, kabari yake ilicheza. Ya tano ilitoka kwa vidole viwili. Nguzo ambayo kabari yake inatoka kwa vidole haibebi chochote, imesimama tu kama mgeni. Kwanza nilidhani ardhi chini yake imezama, lakini nilipofukua kitako cha nguzo nilikuta jiwe zima. Ndipo nilipoipima kofia: ilikuwa na unene wa sentimita 10 siku tulipoiweka, sasa ina sentimita 9.4.

Nilikuwa nimeruhusu mikaratusi iliyokatwa wiki hiyo hiyo itumike. Mti mbichi ukikauka haufupiki sana kwa urefu, kwa hiyo nguzo yenyewe ilibaki karibu vile vile. Hunywea kwa unene, na kofia na kabari hubanwa kwa upande wa unene. Milimita 6 za kofia, na mbili au tatu za kabari, zilitosha kuliacha paa likae hewani. Kinachoniumiza ni kwamba watu walikuwa wakifanya kazi chini ya nguzo hizo kwa imani yangu.

Tumezikaza zote leo. Kofia na kabari sasa zitatoka kwenye mbao kavu pekee, na kila asubuhi kabla ya zamu mtu mmoja atapita na nyundo akigonga kila kabari, kisha aweke alama ya chaki. Alama ya jana hufutwa jioni, ili asiwepo wa kudai kwamba ni ya leo.

11 Machi

Somo la kusikiliza. Mwamba mzima ukigongwa kwa chuma hulia kwa sauti kali iliyo safi. Uliochanika ndani hulia kama ngoma. Mkono mmoja ukigonga, kiganja cha mwingine hubandikwa kwenye paa, kwa sababu jiwe lililoachana hutetemeka hata pale sauti inapodanganya. Ni ujuzi wa kale wa wachimba makaa, kama ulivyo ule wa kuusikiliza mti: nguzo ya mbao hulalama na kupasuka nyuzi kabla haijavunjika, na ndiyo sababu wazee wengi wa migodini waliipenda hata baada ya chuma kuja.

Lakini kuna paa lisilotoa sauti yoyote. Katika migodi ya makaa hukutwa mashina ya miti ya kale yaliyogeuka jiwe yakiwa yamesimama ndani ya paa. Gome lake limekuwa utando mwembamba wa makaa unaoteleza, na siku yoyote shina zima, la uzito wa mamia ya kilo, huchomoka kama kizibo. Juu huonekana duara tu. Hapa Busia hatuna mashina hayo, ila tuna mawe magumu ya mviringo yaliyobaki ndani ya mwamba uliooza, nayo huchomoka kwa namna ile ile. Agizo: kila duara linaloonekana juu lisimikiwe nguzo yake, hata kama limelia vizuri.

19 Machi

Mvua zimeanza. Leo tumemweka shahidi wa kwanza, yaani chombo kinachoonyesha paa linaposhuka.

Jina hilo wamelitoa wachimbaji wenyewe. Chombo chenyewe ni cha migodi ya makaa ya Uingereza, ambako kilikuwa sehemu ya ulinzi wa njia zilizoshikiliwa kwa bolti, suala lililopata uzito wa kipekee baada ya paa la mgodi wa Bilsthorpe, Nottinghamshire, kuwaua watu watatu mwezi Agosti 1993. Tundu hutobolewa juu, waya hushikizwa mwisho wake, mahali panaposadikiwa kuwa hapatasogea, na chini hutokeza kijiti chenye rangi. Paa likishuka, mdomo wa tundu hushuka nalo na kukimeza kijiti.

Chetu kimetengenezwa kwa waya wa mabati, kizibo cha mbao kavu kilichopigwa hadi mwisho wa tundu la mita 1.2, na kipande cha fimbo kilichopakwa rangi: milimita 5 za kijani juu, 5 za njano, kisha nyekundu. Kulitoboa tundu hilo kwa tindo na nyundo kulichukua saa sita. Kijani kikimezwa chote, watu wote hutoka na paa hukaguliwa. Njano ikimezwa, hakuna anayerudi. Nimefurahi kuona kwamba hata asiyejua kusoma anaweza kukisoma.

2 Aprili

Usiku wa kuamkia leo mvua ilinyesha bila kukatika. Saa moja na nusu asubuhi mkaguzi wa zamu alipanda kutoka shimo la tatu na kusema, "Shahidi amekula kijani." Nilishuka naye hadi nguzo ya mwisho iliyothibitishwa, nikamulika. Kijani kilikuwa kimekwisha na njano ilikuwa imeanza kumezwa. Nilikadiria milimita 6. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka mpasuko ambao jana ulikuwa mkavu. Watu 11 walitolewa.

Hakuna kilichoporomoka. Hadi saa kumi jioni paa lilikuwa pale pale, na manung'uniko yakaanza, kwa haki kabisa, maana siku moja bila magunia ni siku ya nyumba nzima bila chakula cha uhakika. Mmoja alisema shahidi ni mwongo. Niliwaambia ninachokiamini: shahidi hakusema paa litaanguka, alisema limesogea, na kweli limesogea.

9 Aprili

Tumeweka fremu mbili za nguzo na kofia kavu katika shimo la tatu, tukiingia kutoka upande ulioegemezwa, na mfereji mdogo unayaondoa maji. Kipimo kimebaki milimita 6 kwa siku tano, kisha jana kikawa 7. Nilikuwa tayari kubishana, lakini Mama Mkubwa alitangulia. Alishuka mwenyewe, akamulika kijiti kwa muda mrefu, akapanda, akaagiza magogo mawili yapigiliwe msalaba kwenye mdomo wa njia ile. Mshipa unaoendelea ndani yake ndio bora kuliko yote aliyonayo.

Magunia ya watu 11 wa tarehe 2 ameyalipa nusu. Nusu iliyobaki itatoka katika mfuko wa kikundi, na kikao cha kuliamua hilo ni Jumamosi.

Kukaza kabari leo asubuhi: nguzo 64 zimegongwa, 3 zimekazwa upya. Shahidi wa shimo la kwanza, sifuri. Wa shimo la pili, milimita 1.